Kubadili oili ya giaboksi oto isiyo na kijiti cha kupimia, hatua kwa hatua

Wadau habari za asubuhi, huku Uyole baridi ya mwezi wa sita si mchezo. Na baridi hii ndo inahusika na somo la leo, kwa sababu kwenye gari zisizo na kijiti cha kupimia oili ya gia kinachoamua kipimo ni joto la oili yenyewe, na wengi huku kwetu tunakosea hapo. Natumia mfano wa Toyota Mark X ya injini ya lita 2.5, ile GRX120, maana ndo nayoijua kwa mikono yangu.

Tafuta ATF WS (oili ya giaboksi oto ya Toyota) lita 4, soketi 24, soketi 14, aleni ki namba 5, faneli yenye mpira mrefu, wosha mpya, chombo chenye alama za lita, na skana ya OBD (kidude cha kuchomeka kwenye gari kusoma taarifa zake) ya kuunganisha na simu, lakini programu yake iwe inasoma joto la ATF, sio joto la maji ya injini, ni vitu viwili tofauti.

Gari ikae sawasawa kama iko sebuleni, juu ya shimo au stendi nne, jeki peke yake usiingie chini hata dakika moja. Zuia matairi.

Sasa kabla hujamwaga hata tone, fungua kwanza nati ya kujazia ya pembeni, ile 24. Ikigoma na oili umeshamwaga, gari imelala hapo hapo, haiendi hata gereji. Ikilegea ndo ufungue ya chini ya 14, oili itoke kwenye chombo chako. Itatoka kama lita 2 mpaka 3 hivi, nyingine inabaki kwenye tokonveta (ile inayounganisha injini na giaboksi) na mabomba ya kupoozea. Pima umetoa kiasi gani, funga, halafu rudisha kiasi kile kile na nusu lita juu yake.

Washa injini, mtu akae kwenye usukani mguu kwenye breki, apitishe gia P, R, N, D taratibu, kila moja sekunde kama kumi, arudishe P. Ngoja huku unaangalia simu. Oili ikifika nyuzi 40 hivi, injini ikiwa inaunguruma, fungua nati ya kupimia, ile ya aleni ki iliyo kwenye sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi). Ikitoka nyingi iache mpaka ibaki inadondoka matone, hapo funga haraka. Isipotoka kitu, ongeza kwa juu mpaka ianze kudondoka. Angalia ekzosi, inaunguza.

Kwa nini nasisitiza joto: oili ikipata moto inavimba. Mara ya kwanza nilipima saa moja asubuhi oili ikiwa baridi kabisa, nikajaza mpaka ikadondoka nikaona safi, nikashuka Kyela, wakati wa kurudi napanda kutoka Tukuyu kwenda Isongole gia zikaanza kuchelewa na harufu ya oili ikajaa ndani. Ilikuwa imezidi, gia zinaipiga inatoa povu, inatokea kwenye pumzi ya giaboksi (tundu lake la kupumulia hewa). Na ukipima ikiwa ya moto sana kosa ni la upande wa pili, unabaki na oili pungufu, hiyo ndo inaua gia kimya kimya.

Maswali ya wadau

Mdau wa Makambako: Kamwene mkuu, nina T-IV (ATF ya Toyota za zamani) imebaki ya IST, naweza kuongezea?
Jibu: Kamwene kaka. Hapana, WS ni nyepesi zaidi, usichanganye. IST ya zamani ina kijiti chake, oili hiyo itumie huko huko.

Dada wa Mbalizi: Fundi kaniambia hii oili ni ya maisha haibadilishwi, ni kweli?
Jibu: Dada yangu, kwa milima yetu mimi nabadili kila kilomita 60,000. Ile ya kwangu ilitoka nyeusi kama kahawa. Kama haijawahi kubadilishwa fanya mara tatu, unaendesha wiki moja katikati, ndo mpya inaizidi ya zamani.

Mdau wa Iringa: Yangu gia inateleza nikipanda Kitonga, nikibadili oili itapona?
Jibu: Pole sana ndugu. Nusa oili kwanza na uangalie sampo, kama ina harufu ya kuungua na vipande vya chuma basi ugonjwa uko ndani, oili mpya haitautoa. Kama ni nyeusi tu lakini haina vyuma, anza na kipimo kama nilivyoeleza.

Mdau wa Tunduma: Na gari za CVT (giaboksi oto ya mkanda, isiyo na gia za hatua)?
Jibu: Utaratibu unafanana ila oili ni yake yenyewe, CVTF, na nyuzi za kupimia angalia kitabu cha gari hiyo. ATF usithubutu kuweka.

Dada wa Mbalizi: Ile chafu naipeleka wapi?
Jibu: Weka kwenye dumu ufunge, peleka gereji wanaokusanya oili chafu. Kwenye mfereji hapana dada, maji yale ndo yanaenda kumwagilia mboga zetu.