Hoteli ikikupigia simu inataka mchoro wako, fanya hivi kabla hujaruka

Simu yenyewe huja siku hujajipanga. Mimi ilinikuta Marikiti nachagua ndimu, namba siijui, mama mmoja anasema kaona mchoro wangu wa muuza kahawa na dele lake, wautaka kwa hoteli huko Nyali na wataka mingine mitatu ifanane nao. Nikawa ndio ndio ndio tu, mpaka muuza ndimu akaniuliza kama naoa.

Usitaje bei kwenye simu. Mwambie akutumie vipimo na picha ya ukuta kwa WhatsApp, bei utampa kesho. Mimi nilitaja papo hapo elfu nane kila mmoja, kumbe fremu peke yake fundi ataka elfu tatu na nusu, bado kitambaa, bado rangi, bado tuktuk ya kupeleka, bado wiki zangu za kukesha. Kaa chini upige hesabu yote halafu ndio uweke faida. Na nusu iingie M-Pesa kabla hujagusa brashi.

Sasa hapa ndipo penyewe. Mchoro uliokuwa tayari kwako ukiuuza, mtu kachukua mchoro, hakimiliki, yaani haki ya kuunakili, bado ni yako. Lakini ukiagizwa uchore, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kwamba haki imehamia kwa aliyekuagiza, ila kama mmekubaliana vingine. Sikujua hilo wallahi. Ile mitatu ya kuagizwa nilikuja kuikuta kwenye menyu na kwenye vikombe vya duka lao la zawadi, na sikuwa na la kusema. Mstari mmoja ungetosha, "Hakimiliki inabaki kwa msanii, hoteli inatundika tu," kisha mtie sahihi wote wawili. Wakikataa sawa, lakini bei ipande, maana hapo hawanunui mchoro peke yake.

Watakuuliza ankara na PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi, kama huna PIN fungua mapema usije ukawa wewe ndio wachelewesha pesa zako mwenyewe.

Kabla mchoro haujatoka nyumbani uupige picha nzuri mchana, na nyuma uandike jina, mwaka na vipimo kwa penseli, si kwa maka, wino hupenya. Huku kwetu chumvi na unyevu havina huruma, kwa hivyo bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye pembe za nyuma ya fremu upepo upite, la sivyo kuvu itaingia hata rangi haijazoea ukuta.

Mimi nilipeleka nimefunga kwa leso za mamangu, mlinzi akanielekeza mlango wa mizigo. Wiki mbili baadaye naenda kuangalia, kibandiko chasema "Mchoro wa Pwani", basi, jina hakuna! Na haki ya kutajwa ni yako hata kama hakimiliki imeenda, hiyo sheria ni ile ile. Kwa hivyo usiwangoje, nenda na kibandiko chako. Mimi nilichapisha changu saiba, nikarudi nacho, na yule yule mlinzi ndiye aliyenishikia ngazi.