Somo: Kutumia hojaji za wanafunzi ili wasiache masomo katikati

Hojaji nyingi katika vyuo vyetu hapa Nairobi hujazwa wiki ya mwisho ya muhula, siku chache kabla ya mitihani, na kwa sababu hiyo huwafikia wale tu waliovumilia hadi mwisho. Mwanafunzi aliyefungasha vitu vyake katika wiki ya sita, akatoka chumba cha kupanga kule Githurai na kurudi kwao bila kumuaga mtu, hayumo darasani siku hiyo, na sababu zake hazimo katika ripoti. Chuo hubaki kikisoma maoni ya waliobaki ili kielewe kwa nini wengine waliondoka. Somo hili ni la wakuu wa idara, wahadhiri na maafisa wa ofisi ya Mkuu wa Wanafunzi wanaotaka kuuliza mapema, mwanafunzi angali chuoni na msaada ungali na maana kwake.

Hatua ya kwanza: Jua ni wangapi wanaoondoka

Chukua orodha ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliosajiliwa mwezi wa Septemba, kisha uilinganishe na orodha ya wale waliojisajili tena Septemba iliyofuata. Ikiwa walianza 400 na wakarudi 340, kiwango cha kubakia ni asilimia 85. Watenge walioahirisha masomo kwa barua, waliohamia chuo kingine na waliotoweka bila taarifa, kwa kuwa kila kundi lina kisa chake. Usiutegemee mfumo wa usajili peke yake: jina huweza kukaa humo miaka miwili baada ya mwenyewe kuondoka, kwa sababu tu hakuna aliyelifuta.

Hatua ya pili: Amua unataka kujua nini

Hapa ndipo hojaji nyingi zinapoharibika, kwa sababu huandikwa kwa kunakili ya chuo kingine. Mwaka 1975 Vincent Tinto, msomi wa Marekani, alieleza kwamba mwanafunzi huondoka kwa kiasi kikubwa kwa kukosa kujisikia sehemu ya chuo, kimasomo na kijamii, wala si kwa udhaifu wa akili pekee. Maelezo hayo yamesaidia sana, lakini yanamfaa zaidi kijana anayelala katika bweni la chuo. Mwaka 1985 John Bean na Barbara Metzner waliandika kuhusu wanafunzi wa aina nyingine: wenye umri mkubwa zaidi, wanaosoma kwa muda, wanaokuja chuoni kutoka nyumbani na kurudi. Kwa hao, walisema, mambo ya nje ya chuo kama fedha, saa za kazi na majukumu ya familia yana uzito mkubwa kuliko urafiki wa chuoni.

Mwanafunzi wa Nairobi mara nyingi anafanana zaidi na huyo wa pili, hata akiwa na umri wa miaka 19. Anatoka Rongai au Umoja kwa matatu mbili, anauza nguo za mtumba wikendi, na pengine anamlipia mdogo wake karo kutokana na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Hojaji inayomuuliza kama anaridhika na viwanja vya michezo na kunyamaza kuhusu nauli haitamfikia. Kwa hiyo gawa maswali yako katika mafungu manne: masomo yenyewe, fedha na ada, mahali anapoishi na safari yake ya kila siku, na watu, yaani kama yuko mtu mmoja chuoni ambaye anaweza kumwendea akikwama.

Hatua ya tatu: Andika maswali

Maswali 15 yanatosha. Kwa mengi yao tumia kipimo cha ngazi tano ambacho Rensis Likert alikipendekeza mwaka 1932, kuanzia “sikubali kabisa” hadi “nakubali kabisa”. Kila swali libebe jambo moja. Ukiuliza, “Je, wahadhiri na wafanyakazi wa maktaba hukusaidia kwa wakati?” hutajua jibu linamhusu nani, kwa hiyo lipasue liwe maswali mawili. Uliza matendo kuliko hisia. Utafiti mkubwa wa ushiriki wa wanafunzi unaofanywa Marekani tangu mwaka 2000, unaojulikana kwa kifupi kama NSSE, umejengwa juu ya msingi huo: humuuliza mwanafunzi ni mara ngapi amefanya jambo fulani. “Katika siku saba zilizopita, umekosa vipindi vingapi?” ni swali bora kuliko “Je, unapenda kuhudhuria masomo?”

Swali moja lisikose kamwe: “Je, unatarajia kurudi chuoni muhula ujao?” Mpe nafasi ya kujibu ndiyo, labda au hapana. Nia ya mtu ya kuondoka ni miongoni mwa dalili zinazoaminika zaidi, na jibu la “labda” linastahili uangalizi kuliko yote, kwa maana huyo bado anazungumzika. Mwisho weka swali moja la wazi, na umruhusu ajibu kwa Kiswahili, kwa Kiingereza au hata kwa Sheng. Kijana anayelazimika kutafuta msamiati wa Kiingereza ili aeleze njaa ataacha nafasi hiyo tupu.

Kabla ya kuisambaza, wape wanafunzi kumi waijaribu, uketi nao, na uwaulize walielewa nini katika kila swali.

Hatua ya nne: Chagua wakati na linda siri

Nashauri hojaji mbili zilizo tofauti. Ya kwanza itolewe wiki ya tatu au ya nne, na iwe na nambari ya usajili ya mwanafunzi, kwa kuwa lengo lake ni kumsaidia yeye binafsi. Ya pili itolewe katikati ya muhula, bila jina wala nambari, kwa kuwa inahusu ufundishaji na mwanafunzi anahitaji uhuru wa kusema. Ukizichanganya utapoteza faida za zote mbili: hutajua nani anahitaji msaada, na wala hutaambiwa ukweli kuhusu mhadhiri.

Hojaji yenye nambari ya usajili inakusanya taarifa za kibinafsi, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusika. Mweleze mwanafunzi kwa lugha nyepesi ni taarifa zipi unazokusanya, kwa nini, nani atakayezisoma na zitahifadhiwa kwa muda gani. Kisha apate nafasi ya kukataa bila kuadhibiwa. Kumbuka pia kwamba baadhi ya wanaojiunga na mwaka wa kwanza wana miaka 17, na sheria hiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto.

Hatua ya tano: Ijazwe darasani

Kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku hufunguliwa na wachache. Omba dakika kumi za mwanzo wa kipindi cha lazima, tumia mtandao wa chuo ili mwanafunzi asitumie bando lake, na uwe na nakala za karatasi kwa wenye simu zilizozima. KoboToolbox, programu ya kukusanya majibu ya hojaji kwa simu, hufanya kazi hata pasipo mtandao, nayo hutuma majibu baadaye. Andika majina ya wasiokuwepo siku hiyo. Orodha hiyo ya wasiojaza ni jibu tosha, na mara nyingi ndimo walimo wanaokaribia kuondoka.

Hatua ya sita: Chukua hatua ndani ya siku 14

Kabla hojaji haijatoka, andika ni nani atakayepokea majibu ya aina gani. Aliyejibu kwamba hatarudi apigiwe simu ndani ya siku mbili. Mwenye tatizo la ada aende kwa afisa wa fedha anayejulikana kwa jina. Aliyekosa vipindi vinne aonane na mshauri wake wa masomo. Hojaji isiyo na mpokeaji ni afadhali isitolewe, maana inamfundisha mwanafunzi kwamba kusema hakuleti kitu.

Katika chuo kimoja nilichofanyia kazi, msichana mmoja wa mwaka wa kwanza aliandika kwenye swali la wazi kwamba siku za Alhamisi hulala bila kula. Sisi wa ofisini tulidhani analalamikia kantini, na tukaanza kuuliza habari za mapishi. Mwakilishi wa darasa ndiye aliyetufumbua macho. Kipindi cha maabara cha Alhamisi kilikwisha saa moja jioni, wakati nauli ya kwenda kwao ilikuwa imepanda karibu maradufu, na mvua ikinyesha ilipanda zaidi. Pesa alizoweka za chakula cha jioni ziliishia kwa kondakta. Tulipochunguza orodha ya mahudhurio, tuliona kwamba viti vya maabara hiyo vilikuwa vikipungua wiki baada ya wiki, na waliokosekana walikuwa karibu wote ni wanaoishi mbali. Idara ilihamisha kipindi hicho hadi Jumatano asubuhi. Hakuna alama ya moja hadi tano ambayo ingetueleza jambo hilo, ndiyo maana ninasisitiza kwamba majibu ya wazi yasomwe yote, neno kwa neno, na mtu anayeujua mji huu.

Unapochambua, wastani wa chuo kizima hautakusaidia sana. Gawanya majibu: wanaokaa hosteli na wanaosafiri, wa mchana na wa jioni, wenye ufadhili na wanaojilipia. Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu uanze mwaka 2023, wanafunzi wawili wa darasa moja wanaweza kudaiwa viasi vilivyo mbali sana, kwa hiyo fungu la fedha lisomwe kwa uangalifu wa pekee. Kundi lenye watu chini ya watano usilitangaze, kwani watatambulikana.

Hatua ya saba: Rudisha majibu kwa wanafunzi

Bandika ukurasa mmoja: mlisema hivi, tumefanya hivi, na hili hatukuliweza kwa sababu hii.

Maswali ya washiriki wa somo

*Mwalimu, chuo chetu kina wanafunzi 1,000. Je, ni lazima kila mmoja ajaze?*

Ikiwa unataka tu picha ya jumla, jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, la kukadiria ukubwa wa sampuli, linaonyesha kwamba sampuli ya watu 278, waliochaguliwa kwa nasibu, inatosha kwa idadi hiyo. Lakini hojaji ya wiki ya tatu ni ya kumsaidia mtu mmoja mmoja, na huwezi kumsaidia usiyemuuliza. Hiyo ijazwe na wote wa mwaka wa kwanza.

*Habari Mwalimu. Wanafunzi wetu wengi huondoka kwa sababu ya karo. Hojaji itatusaidia nini ikiwa chuo hakina fedha za kuwapa?*

Swali lako ni zito na sitaki kulipunguza. Hojaji haileti fedha. Hata hivyo, “karo” ni neno linalofunika mambo mengi, nawe unaweza kuyatenganisha: yuko asiye na fedha kabisa, yuko anayesubiri mkopo ambao umechelewa, na yuko aliyebakisha deni dogo, akanyimwa kadi ya mtihani, akaona aibu kurudi. Huyo wa pili anahitaji barua ya kumruhusu afanye mtihani wakati akisubiri, na huyo wa tatu anahitaji mpango wa kulipa kidogo kidogo. Yote mawili yamo katika uwezo wa chuo.

*Wahadhiri wenzangu wanahofia kwamba hojaji hizi zitatumiwa kuwaondoa kazini. Tuwaambie nini?*

Waambieni ukweli, na uwe umeandikwa. Kubalianeni na uongozi kabla ya kuanza kwamba majibu ya katikati ya muhula yatasomwa kwanza na mhadhiri mwenyewe, ili ajirekebishe muhula ukiendelea. Ikiwa uongozi haukubali, basi hofu yao ina msingi, na ni vyema muanze na ile ya wiki ya tatu pekee.

*Mwalimu, na wale ambao wameshaondoka? Tunazo nambari zao za simu tu.*

Wapigieni. Apige mtu ambaye hahusiki na kudai madeni, apige baada ya saa kumi na mbili jioni wakati wengi wametoka kazini, na asianze na neno la ada. Ajitambulishe, aulize hali, kisha aulize mambo matatu: ni siku gani aliyoamua kutorudi, ni nini kilichotokea wiki hiyo, na ni nini ambacho kingemfanya abaki. Aandike majibu kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Kabla ya kukata simu amweleze tarehe ya usajili unaofuata na jina la mtu wa kumwona getini akiamua kuja.