Namna ya Kufuatilia Historia ya Utotoni ya Kijana Asiyeweza Kutuliza Akili Darasani

Kijana wa miaka 13 au 14 anaposhindwa kufuatilia somo hadi mwisho, watu wazima wengi huwa wepesi kumwita mvivu. Kabla ya kufika huko, itafute kadi yake ya kliniki, kwani mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee iliyoandikwa ya miaka yake ya mwanzo.

Anza na uzito wa kuzaliwa na umri wa mimba. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au akiwa na uzito chini ya kilo 2.5, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata shida ya umakini ukubwani, ingawa njiti wengi hukua bila shida hiyo. Kwa hiyo tarakimu utakayoikuta ni sababu ya kuchunguza, si hukumu.

Baada ya hapo, kaa na mama au bibi aliyemlea, umuulize bila kumlaumu: je, mtoto alichelewa kulia alipozaliwa? Aliwahi kuongezewa damu, au kuugua malaria ikampanda kichwani hadi akapoteza fahamu? Swali hili la mwisho lisirukwe. Huko Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto walionusurika na malaria ya namna hiyo, na miaka 2 baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa utambuzi, hasa katika umakini. Familia nyingi humshukuru Mungu kwamba mtoto amepona, na haki yao, lakini hakuna anayewaambia kwamba masomo yake yanahitaji kuangaliwa kwa muda mrefu.

Uliza pia familia ilikoishi. Madini ya risasi, yanayotoka katika rangi kuukuu na katika uyeyushaji wa betri za magari kama ule uliowadhuru wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, huathiri ubongo unaokua, na hakuna kiwango chake katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kuhusu runinga, utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, ulionyesha kwamba waliotazama saa nyingi wakiwa na miaka 5 hadi 11 walikuwa na matatizo zaidi ya umakini walipofika miaka 13 hadi 15. Huo ni uhusiano tu, haujathibitisha chanzo.

Andika uliyoyapata katika ukurasa mmoja, ukitaja kama dalili zilionekana kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia, maana daktari atayauliza yote mawili. Mpeleke kijana apimwe macho, masikio na wingi wa damu, na ueleze analala saa ngapi. Kabla ya kwenda, mpe ausome ukurasa huo na arekebishe anachoona hakiko sawa.