Sola ya Nyumbani Dodoma: Anza na Hesabu ya LUKU

Kabla ya kwenda dukani kuulizia bei ya paneli, mwenye nyumba wa Nkuhungu, Kisasa au Nzuguni ajue kwanza anatozwa kiasi gani kwenye LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa uniti moja ya umeme (wati-saa 1,000), kwa kuwa hapo ndipo panapoonekana kama sola itamrudishia fedha zake. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa kundi la D1, yaani yule ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida yanayozidi hapo, hulipa shilingi 292. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, tozo ya asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), bei hizo hufika shilingi 122 na takriban 356.

Sasa orodhesha vifaa vyako, kisha zidisha wati za kila kimoja kwa saa kinazotumika kwa siku. Taa sita za wati 10 kwa saa tano ni wati-saa 300. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano ni 400. Feni ya wati 60 kwa saa sita ni 360. Friji ndogo ni kama 1,000, na simu 40. Jumla ni wati-saa 2,100 kwa siku, sawa na uniti 63 kwa mwezi wa siku 30. Mteja wa T1 anayehamishia matumizi hayo yote kwenye sola ataokoa takriban shilingi 22,400 kwa mwezi, ilhali wa D1 ataokoa shilingi 7,700 tu. Kwa maoni yangu, mteja wa D1 asikope fedha za kufunga sola kwa lengo la kupunguza gharama. Afunge ndogo ya taa na simu kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Aliye mbali na nguzo za umeme hesabu yake ni nyingine kabisa, kwa sababu yeye huilinganisha sola na mafuta ya jenereta. Kumbuka pia kwamba kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU haipungui kwa sababu umefunga sola.

Kwa matumizi hayo ya mfano, ukikadiria saa tano za jua kali na upotevu wa robo ya umeme njiani, unahitaji paneli za wati 560 hivi. Betri ndiyo inayokula fedha. Ile ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu ya ujazo wake, wakati ya lithiamu huvumilia kutumiwa hadi asilimia 80 ya ujazo wake, kwa hiyo anayelinganisha bei agawanye bei kwa umeme unaotumika kweli na kwa miaka ya udhamini, asitazame ujazo ulioandikwa kwenye lebo peke yake. Dai ankara inayotenganisha paneli, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa gridi), betri na ufundi, pamoja na risiti ya mashine ya kodi ya EFD, kwa sababu bila risiti ni vigumu kudai udhamini.

Upande wa sheria, mfumo wa matumizi ya nyumbani hauhitaji leseni ya kuzalisha umeme, kwa kuwa miradi iliyo chini ya megawati 1 imesamehewa. Fundi, hata hivyo, lazima awe na leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe kabla hujamlipa malipo ya awali. Hakikisha pia kwamba vifaa vimekidhi viwango vya TBS (shirika la viwango). Jambo lisilo na mjadala ni hili: usiunganishe inveta na nyaya za TANESCO, shirika la umeme, bila idhini yao na bila swichi ya kubadilishia kati ya sola na gridi, kwani umeme unaorudi kwenye laini iliyozimwa unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Anayetaka kupeleka umeme wa ziada kwenye gridi anahitaji makubaliano na TANESCO na mita inayosoma pande zote mbili.

Kwa kuwa Dodoma iko kusini mwa ikweta, paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ambao pia huruhusu maji ya mvua kuziosha. Upepo wa hapa ni mkali, hivyo vishikizo vifungwe kwenye kenchi, si kwenye bati pekee, na matundu ya misumari yazibwe kabla ya mvua za Desemba. Kuanzia Mei hadi Novemba vumbi hutanda juu ya vioo na kupunguza umeme. Vifute kwa maji na kitambaa laini asubuhi, kabla havijapata moto.