Jinsi ya kupanga safu ya watawala wa Baden, 1806–1918

Baden ilikuwa dola la kusini-magharibi mwa Ujerumani, kando ya mto Rhine, na makao yake makuu yalikuwa Karlsruhe. Kuanzia 1806 hadi 1918 ilitawaliwa na watu saba wenye cheo cha Duki Mkuu, cheo kilicho juu ya duki wa kawaida na chini ya mfalme. Saba ni wachache, lakini safu yao huwapotosha wengi. Mtu huandika majina na miaka, kisha hushusha mshale mmoja wa baba kwa mwana toka juu mpaka chini. Kiti kilipokezanwa mara sita, na ni mara mbili tu mwana alimrithi babaye.

Chukua karatasi, ilaze kwa upana, upige safu wima tano: jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe ya kuanza na ya kukoma, jina la mama, na haki iliyomkalisha kitini. Usiache safu ya mama. Ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo habari ya Baden haieleweki.

Kabla ya kujaza jedwali, chora mti. Juu kabisa weka Karl Friedrich, aliyezaliwa 1728. Wakati huo Baden ilikuwa imegawanyika kati ya milango miwili ya ukoo mmoja, Baden-Durlach na Baden-Baden. Alirithi Baden-Durlach mwaka 1738 akiwa mtoto, akapata Baden-Baden mwaka 1771 mlango ule ulipokosa mrithi wa kiume, na 1806 akawa Duki Mkuu. Kwa hiyo jedwali letu linamwanzia 1806, si 1738. Chini yake teremsha mistari miwili, kwa maana alioa mara mbili.

Mstari wa kwanza ni wa Karoline Luise wa Hesse-Darmstadt, aliyefariki 1783. Wanawe ni Karl Ludwig (1755), Friedrich (1756) na Ludwig (1763). Wa pili ni wa Luise Karoline Geyer von Geyersberg, binti wa makabaila wadogo, aliyeolewa 1787. Wajerumani waliiita ndoa ya aina hiyo ndoa ya mkono wa kushoto: ni halali mbele ya dini, ila mke hapandi kufikia cheo cha mume na watoto hawarithi kiti. Mwaka 1796 mama huyu alipewa cheo cha Hochberg, na wanawe Leopold (1790), Wilhelm (1792) na Maximilian (1796) wakaitwa kwa jina hilo. Mlango huu uchore kwa rangi nyingine.

Sasa jaza jedwali. Karl Friedrich alifariki 10 Juni 1811. Mwanawe mkubwa, Karl Ludwig, alikuwa amekwisha kufa safarini Uswidi mwaka 1801, kwa hiyo kiti kilimwendea mjukuu, Karl, aliyezaliwa 1786. Karl alimwoa Stéphanie de Beauharnais, binti wa kulea wa Napoleon. Binti zao watatu walikua, lakini wana wawili walikufa wachanga, na urithi wa Baden ulifuata kuumeni.

Hapa tulia, maana ndipo penye uzito wote. Mlango wa mama wa kwanza ulikuwa unazimika, na Bavaria, ufalme jirani, ilikuwa inazidai nchi za Mannheim na Heidelberg zilizokuwa mikononi mwa Baden. Tarehe 4 Oktoba 1817 Karl alitoa sheria ya ukoo iliyowapa wana wa Hochberg haki kamili ya kurithi. Katiba ya 22 Agosti 1818 iliifanya sheria hiyo kuwa sehemu yake, na mataifa makubwa yakaikubali rasmi kwa mkataba wa Frankfurt wa 10 Julai 1819. Andika tarehe hizo tatu katika safu ya haki, kwenye mstari wa Leopold. Ukiandika “mwana wa Karl Friedrich” ukaishia hapo, msomaji atauliza mbona basi alingoja.

Karl alifariki 8 Desemba 1818, akafuatwa na baba yake mdogo, Ludwig I, ambaye hakuoa. Alipofariki 30 Machi 1830, Leopold akakalia kiti. Leopold na Ludwig ni ndugu wa baba mmoja, mama mbali. Usishtuke ukiona Karl, aliye mpwa, amemzidi Leopold umri kwa miaka minne; tarehe ni sahihi, usizisahihishe. Leopold alimwoa Sophie, binti wa mfalme wa Uswidi na wa dada yake Karl. Mpigie Sophie mstari wa nukta, maana kwake damu ya mlango wa kwanza ilirudi.

Uvumi kwamba Kaspar Hauser, kijana aliyetokea Nürnberg mwaka 1828, ndiye mtoto wa Karl aliyezaliwa 1812 usiuingize katika jedwali. Jedwali ni la waliotawala.

Leopold alifariki 24 Aprili 1852. Mwanawe Ludwig II alikuwa mgonjwa wa akili, akabaki na jina la Duki Mkuu hadi kifo chake 22 Januari 1858. Mdogo wake, Friedrich, alishika hatamu kwa niaba yake tangu 1852, kisha 5 Septemba 1856 akajitwalia cheo chenyewe, kaka yake akiwa bado hai. Ndiyo maana orodha zinagombana: moja husema 1852, nyingine 1856, nyingine 1858. Mpe Friedrich mistari miwili, “msimamizi” na “Duki Mkuu”, nawe utakuwa umemaliza ugomvi. Namba yake ni I kwa sababu hesabu ilianza upya na cheo kipya. Huko Durlach walikwisha kufika Friedrich VII.

Friedrich I alifariki 28 Septemba 1907. Mwanawe, Friedrich II, alijiuzulu 22 Novemba 1918, bila mtoto. Mstari wa nane haupo. Max wa Baden, chansela wa Ujerumani Oktoba hadi Novemba 1918, alikuwa mrithi mtarajiwa tu, naye mteremshe kwenye mti kutoka kwa babu yake Leopold, si kutoka kwa Friedrich.