Sungura mkubwa uliyempokea: usimbadilishie chakula siku ya kwanza

Naandika kwa sababu nimechoka kuitwa kwa kisa kimoja. Familia inapewa sungura mkubwa, wa mwaka mmoja au miwili, labda jirani anahama au ndugu amekosa nafasi ya kumfuga. Watoto wanafurahi, na jioni hiyohiyo wanamwandalia karamu: kabichi, karoti, kiganja cha pumba za mahindi, maganda ya ndizi. Siku ya tatu simu inaita.

Mara ya mwisho ilikuwa nyumba moja huku Sakina, Arusha. Sungura alikuwa kwenye kreti la soda lililotandikwa gunia, amejikunja kwenye kona kama mpira, macho nusu, akisaga meno taratibu. Anayesaga meno kwa namna ile, huku amejikunja, ana maumivu. Nilimgusa tumbo, limekaza kama ngoma. Kwenye gunia kulikuwa na punje tatu tu za kinyesi, ndogo kama pilipili manga. Pembeni yake jani la kabichi halijaguswa. Mama wa nyumba alisimama mlangoni akaniambia, "Daktari, huyu hakukosa kitu. Kila alichotaka tumempa." Alikuwa anasema kweli, na ndicho kilichomuua sungura wake usiku ule.

Habari za banda, kivuli, mbwa na paka sizigusi, mnazijua. Nataka tuelewane kwenye chakula cha siku 14 za mwanzo.

Sungura hamalizi kumeng'enya chakula kwa tumbo lake peke yake. Utumbo mwembamba unapokutana na ule mpana kuna mfuko mkubwa, wataalamu huuita sekamu, umejaa vijidudu vinavyochachua majani. Vijidudu hivyo vimezoea chakula cha nyumba aliyotoka. Ukimwaga ghafla kitu chenye sukari au wanga mwingi, au lundo la majani mabichi ambayo hakuwahi kula, vile vizuri vinazidiwa na vibaya vinashika nafasi. Gesi inajaa, utumbo unasimama. Na sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia kimeingia. Mkubwa naye anaumia, kwa sababu tumbo lake limeshakaa kwenye mazoea yake, na juu ya hapo ana hofu ya safari na harufu ngeni. Sungura aliyebanwa kwenye boksi ndani ya Coaster kutoka Moshi hadi Arusha, kilometa kama 80, ameshaanza kukosa hamu kabla hajafika kwako. Mwekee nyasi kavu humo humo ndani ya boksi.

Kwa hiyo, kabla hujamchukua, muulize anayekupa sungura huyo anamlisha nini. Usikubali jibu la "majani tu". Majani gani? Mabichi au yaliyonyaushwa? Peleti, yaani vijiti vidogo vya chakula cha kiwandani, anapata? Kiasi gani, saa ngapi? Anakunywa kwenye bakuli au kwenye chupa yenye mrija? Swali hili la mwisho watu hulidharau. Sungura aliyezoea mrija anaweza kulitazama bakuli siku nzima asinywe, na asipokunywa haendelei kula. Ukiwa na shaka, weka vyote viwili.

Kisha omba chakula chake cha zamani cha siku 12. Sungura wa kilo 2.5 anayekula gramu 50 za peleti kwa siku anahitaji gramu 600, mfuko mdogo tu. Mkipeana sungura bila mfuko huo mmepeana nusu ya mnyama.

Siku ya 1 hadi ya 3: chakula cha zamani peke yake, nyasi kavu bila kikomo, na maji. Hakuna karoti ya kumkaribisha. Nyasi kavu, yaani hei, ndiyo chakula chenyewe, na hayo mengine ni nyongeza. Kila siku awe na rundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake, na liongezwe kabla halijaisha. Ikitoka kwenye robota, ifungue na uinuse. Wakati wa masika marobota mengi hupata ukungu katikati huku nje yanaonekana mazuri. Yenye vumbi jeupe au harufu ya uvundo usimpe, hata kama umeshalipia.

Siku ya 4 hadi ya 6: robo ya chakula kipya, robo tatu cha zamani. Siku ya 7 hadi ya 9: nusu kwa nusu. Siku ya 10 hadi ya 12: robo tatu kipya, robo cha zamani. Siku ya 13 ndipo chakula kipya kinabaki peke yake. Kinyesi kikilainika au punje zikipungua, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo siku tatu.

Na chakula mkipime. Nasema hili kwa ukali kwa sababu kila ninapofika naambiwa "kiganja kimoja". Kiganja cha nani, cha baba au cha mtoto wa miaka sita? Peleti za sungura mkubwa zisizidi gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Pima mara moja, tafuta kikombe kinachochukua kiasi hicho, kipige alama, na kikombe hicho kikae kwenye mfuko wa chakula. Mtu mmoja tu nyumbani ndiye alishe. Baba akilisha asubuhi, dada saa nne na watoto wakitoka shule, sungura amekula mara tatu na kila mmoja anaapa kwamba alitoa kidogo.

Pumba za mahindi mimi sizipendi kabisa kwa sungura wa kufugwa nyumbani. Wanga ni mwingi, nyuzi ni chache. Kama alikuwa anazila huko alikotoka, zipunguze kwa hatua zilezile, usizikate siku moja.

Majani mabichi: kama alikuwa hali, anza siku ya 7. Aina moja, kipande cha ukubwa wa kiganja, kisha subiri siku mbili uangalie kinyesi kabla ya kuongeza aina nyingine. Matembele na majani ya kishona nguo yanafaa kuanzia. Kabichi iwe ya mwisho, na iwe kidogo. Karoti ni tamu kama kashata kwake, kipande cha unene wa kidole mara mbili kwa wiki kinatosha. Mnaonunua majani kwenye masoko ya Tengeru au Mbuyuni na kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki hadi kesho yake, ingizeni mkono katikati ya fungu. Yakiwa na joto yameanza kuchachuka, tupeni.

Huku kwetu parachichi liko kila ua, basi nisisitize: tunda, ganda wala jani lake lisimfikie sungura. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya vilevile, ni sumu.

Maji kwa sungura wa kilo 2.5 yasipungue nusu lita mbele yake kila asubuhi, hata kama hayamalizi. Huko Moshi, kwenye joto la Januari na Februari, yabadilishe na mchana pia.

Kuna jambo huwatisha watu bure. Alfajiri unaweza kumkuta anainamia mkia na kula kinyesi laini kinachong'aa, kimeshikana kama kichane cha forosadi. Hicho ni chakula chake cha pili kutoka kwenye sekamu, mwacheni. Kikilala sakafuni kila siku bila kuliwa ndipo ujue unampa vitu vitamu au peleti nyingi mno.

Sasa tuje kwenye muda. Sungura akikaa kwa muda wa saa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi, hiyo ni dharura. Usingoje "tuone kesho". Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo, hata kama ni usiku, na umweleze ni lini alikula mara ya mwisho. Na wale wanaosema afungiwe chakula tumbo lipumzike, wanamwua, kwa kuwa utumbo wa sungura ukikosa nyasi unazidi kusimama.

Nawaomba sana mwache kumpa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini. Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura huua vile vijidudu vizuri, na sungura hufa kwa kuhara siku chache baadaye. Nimekuta karatasi ya dawa hizo imekaa juu ya banda zaidi ya mara moja, na aliyezitoa alikuwa anampenda yule mnyama kwa moyo wote.

Mambo yakienda sawa utaona punje nyingi, kavu, za mviringo, zinazolingana ukubwa.

Mpime uzito siku anayofika, siku ya 7 na siku ya 14, asubuhi kabla ya kumpa peleti, kwa mizani ileile. Muweke ndani ya beseni lenye taulo ili asiteleze, kisha toa uzito wa beseni. Andika kwenye karatasi uibandike juu ya banda. Uzito ukishuka mara mbili mfululizo, nipigie mimi au daktari wako kabla hujabadilisha chochote kwenye chakula chake.