Somo: Kupanga risasi za kuzamia ili usigonge matumbawe ya Mnemba

Wazamiaji wengi wanaovunja matumbawe pale kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, mkabala na Matemwe, hawana nia mbaya. Wamefunga risasi nyingi mno, yaani vile vipande vya uzito vya kumsaidia mzamiaji kuzama, basi. Somo hili ni la aliyekwisha kufuzu kozi ya kwanza ya kuzamia, anayevaa suti ya milimita 3 na mtungi wa hewa wa alumini wa lita 11.

1. Ukiwa na kilo 70 hivi, anza na risasi kilo 5. Ni kianzio tu: mwenye mafuta mengi huelea, mwenye misuli huzama.

2. Ingia maji usiyofikia chini ukiwa umevaa kila kitu, regyuleta (kifaa cha kupumulia) mdomoni. Simama wima, inua bomba la jaketi (lile linalotiwa hewa ili uelee) juu ya bega, utoe hewa yote. Ukilala kifudifudi, hewa hubaki nyuma ya shingo nawe utadhani risasi hazitoshi. Hapa ndipo watu hubandikwa kilo 2 wasizozihitaji.

3. Vuta pumzi ya kawaida, ibane, tuliza miguu. Maji yakae usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Ukizama kabla ya kuitoa, punguza kilo 1. Ukigoma kuzama, ongeza kilo 1. Rudia.

4. Vipimo hivyo ni vya mtungi unaokaribia kwisha, wenye bar 50 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Ukipima umejaa bar 200, ongeza kilo 2, maana hewa utakayoipumua ina uzito huo, na mtungi ukipungua hutaka kuelea.

5. Chini, tia hewa kwenye jaketi kidogo kidogo, ukingoja baada ya kila mbonyezo. Ukishatulia, pumzi ndiyo ikupandishe na kukushusha. Huku chini usiibane kamwe: ukipanda umeibana, mapafu huweza kupasuka.

Risasi za ziada zina hasara gani? Kilo 4 zilizozidi zinadai lita 4 za hewa kwenye jaketi. Ukipanda kutoka mita 10 hadi 5, hewa hiyo inatanuka kuwa lita 5 na ushee. Usipoitoa inakuvuta juu, na kile kituo cha usalama, cha kutulia dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka majini, hukipati.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nikibaki na bar 60 naelea mwenyewe kwenye mita 5. Niongeze ngapi?
Jibu: Kwanza hakikisha jaketi ni tupu, ukiwa wima. Likiwa tupu na bado unapanda, ongeza kilo 1 upime upya.

Swali: Mwili unaelea sawa ila miguu inashuka, mapezi yanachota mchanga.
Jibu: Risasi zimekaa karibu mno na miguu. Hamishia kilo 1 au 2 kwenye mkanda wa mtungi, au pandisha mtungi kidogo. Piga teke la chura, usipige la juu-chini. Mchanga ukitua juu ya tumbawe huliziba.

Swali: Nilijifunzia kwenye bwawa kwa kilo 3. Baharini je?
Jibu: Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5. Wewe na vifaa mkiwa kilo 90, ongeza kilo 2 hivi.

Swali: Mkondo ukinisukuma, nishike jiwe?
Jibu: Shika mwamba mtupu, usio na uhai, kwa vidole viwili, baada ya kuangalia kama samaki mkunga hajajificha tunduni. Afadhali zaidi uchague siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo. Wakati wa bamvua, maji yanapopanda na kushuka sana, mkondo huwa mkali.